Je, Kuchimba Kisima Kingine Ni Sadaka?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeyateremsha maji kutoka mbinguni kwa kipimo na akayatuliza katika ardhi. Na rehema na amani zimfikie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu Waislamu, Ijumaa moja baada ya Sala katika msikiti wetu hapa Isinya alisimama mtu mmoja katika watu wema wa mji huu, mkulima wa nyanya na pilipili hoho, mwenye shamba lake na kisima chake kirefu cha pampu. Akasema kwamba anataka kuchimba kisima kingine katika kiwanja cha msikiti, na thawabu zake zimfikie mamake aliyefariki, iwe ni sadaka yenye kuendelea. Watu wakapiga takbiri, nami nikapiga takbiri pamoja nao, na nikamwombea dua njema.

Nilipotoka langoni nilimkuta mzee mmoja wa Kimaasai, jirani yetu. Si mwenzetu katika dini, lakini tangu nilipokuja kukaa mji huu sijaona kwake ila wema, na punda wake hunywa maji katika bomba la msikiti. Alikuwa ameisikia takbiri, akaniuliza kuna habari gani, nami nikamweleza. Akanyamaza kitambo, kisha akaniambia: "Sheikh, kisima mtatupa. Na maji ya kutia ndani yake, mmekwisha yapata?"

Nilicheka, nikaenda zangu. Lakini usiku ule neno la mzee lilinikatalia usingizi. Asubuhi nilimwendea yule ndugu, nikamwomba angoje kwanza asimlipe mchimbaji. Akaghadhibika, na kwa Ijumaa mbili hakuonekana katika safu yetu. Alipokuja tena aliniuliza: "Tangu lini Uislamu umekataza kumnywesha mwenye kiu?" Swali hilo ndilo ninalolijibu leo, mbele ya wote na kwa idhini yake mwenyewe, kwani si swali la mtu mmoja. Kila mwenye ekari mbili katika nchi hii, toka Kitengela mpaka Kajiado, hapana budi atakutana nalo.

Kwanza na tuitazame nchi tunayokaa. Isinya iko katika nyanda kavu za Kaputiei, kando ya barabara iendayo Namanga. Mvua zake ni mbili, masika na vuli, na aghalabu moja katika hizo huja pungufu. Sote twakumbuka kwamba toka mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ilipita mmoja baada ya mwingine bila ya mvua ya kutosha, na mizoga ya ng'ombe ikalala kando ya njia. Kisha mwaka 2024 ikaja mvua kubwa, Kitengela ikafurika, watu wakaokolewa juu ya mapaa. Maji yale yalipita mbele ya macho yetu yakashuka mto Athi yakaenda baharini, na baada ya miezi michache tulikuwa tena twanunua maji ya lori.

Nchi hii zamani haikulimwa sana. Ilikuwa malisho ya Wamaasai. Mwaka 1968 ilitungwa sheria ya mashamba ya malisho ya pamoja, kila kundi la watu likaandikiwa ardhi yake. Baadaye makundi hayo yakagawanya ardhi, kila mtu akapata hati yake, na wengi wakauza. Ndipo tulipokuja sisi wengine, tukanunua, tukajenga, tukatia nyua. Yakaja mashamba makubwa ya maua, vikaja vivungulio vya nailoni vya nyanya na hoho, na vitunguu, na sukuma wiki za kupelekwa Nairobi. Na mito yetu si ya kutegemewa wakati wa kiangazi. Basi kila mmoja akaelekea chini.

Na chini kuna nini? Watu wengi hudhani ya kwamba chini ya kila shamba kuna ziwa lake, na kwamba mwenye hati ya juu ndiye mwenye ziwa la chini. Sivyo. Chini ya nyanda hizi kuna mawe ya volkano za kale, tabaka juu ya tabaka, na maji hukaa katika nyufa za mawe hayo na katika tabaka za mchanga na udongo zilizo baina yake. Watu huchimba mita mia moja na zaidi, hata mia mbili, kabla ya kuyapata ya kutosha. Maji hayo hayajui ua wala jiwe la mpaka. Na juu yake, mahali pengi, kuna udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao ukilowa hujifunga, mvua ikapita juu yake badala ya kuzama. Kwa hiyo yanayoingia kwa mwaka ni machache, na yanayotoka ni mengi.

Pampu inapovuta, maji yanayokizunguka kisima hushuka kwa umbo la faneli, pana juu na nyembamba chini. Kadiri inavyovuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, ndivyo faneli ile inavyopanuka. Ikikutana na faneli ya jirani, wote wawili hushuka, na mwenye kisima kifupi ndiye anayekauka kwanza, ijapokuwa hakuzidisha hata ndoo moja. Zamani dizeli ilikuwa ghali, na bei yake ilimlazimisha mtu kuizima pampu. Siku hizi tumepata nguvu ya jua, nayo ni neema kubwa, lakini paneli zikishafungwa saa moja ya kuvuta haigharimu kitu, na mtu akaiacha pampu toka jua kuchomoza mpaka kuchwa, tangi likafurika na maji yakamwagika njiani. Neema isiyo na kipimo hugeuka kuwa mtihani.

Sasa turudi katika dini yetu. Mwishoni mwa Suratul Mulk Mwenyezi Mungu anatuuliza: ikiwa maji yetu yatazama chini kabisa, ni nani atakayetuletea maji yenye kububujika? Tumeisoma aya hii tangu tulipokuwa wadogo chuoni, na wengi wetu twaihifadhi kwa moyo. Je, tumepata siku moja kuisoma hali tumesimama juu ya kisima, tukajiuliza ni mikono ya nani inayoyazamisha? Na katika Suratul Muuminun ametwambia kwamba ameyateremsha maji kwa kipimo, ameyatuliza katika ardhi, naye ni muweza wa kuyaondoa. Aliyeleta kwa kipimo hakuridhia tuchukue bila ya kipimo.

Wako wanaosema: kisima kikikauka, hiyo ni kadari. Nami nasema, kuamini kadari ni nguzo ya imani, lakini kuifanya kadari kuwa pazia la kuficha dhuluma si imani. Mtu akitoboa gunia lake kisha mahindi yakamwagika, hasemi ni kadari, hutafuta uzi na sindano. Na wako waliotundika hirizi mlangoni mwa chumba cha pampu. Ndugu zangu, hirizi haijapandisha maji hata shubiri moja. Kama yalizama kwa kuvutwa kupita kiasi, dawa yake ni kupunguza kuvuta.

Sikizeni sasa mfano ambao Mtume (S.A.W.) aliupiga, nao umo katika Sahihi ya Bukhari kwa mapokezi ya Nuuman bin Bashir. Watu walipiga kura katika jahazi, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wale wa chini walipotaka maji ilibidi wapite kwa wale wa juu. Wakaona ni bora watoboe tundu katika sehemu yao wenyewe, wapate maji bila ya kuwaudhi wenzao. Ikiwa wenzao watawaachilia wafanye watakavyo, wataangamia wote. Na wakiwashika mikono, wataokoka wote.

Tuuzingatie mfano huu, kwani ni kama uliosemwa kwa ajili ya Isinya. Watu wale walikuwa wakitafuta nini? Maji. Walitoboa kwa kutaka shari? La, nia yao ilikuwa njema, hawakutaka kumuudhi mtu. Walitoboa mahali pa wenziwao? La, ni katika sehemu yao, waliyoipata kwa kura ya halali. Yote matatu yalikuwa sawa, na juu ya hayo tundu lile lingewazamisha wote. Basi hati ya ardhi haitoshi, na nia njema haitoshi. Na Mtume hakuwalaumu wale wa chini peke yao. Aliutia wajibu katika mikono ya wenzao pia. Anayeona tundu likitobolewa akanyamaza, naye yumo katika kuzama.

Atasema mwenye elimu: "Lakini wanavyuoni wetu wa Kishafii wamesema maji ya kisima kilichochimbwa katika milki ya mtu ni yake." Ni kweli, yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi, na sina haja ya kuyaficha. Lakini kitabu hicho hicho kimesema kwamba ziada ya maji yake ni wajibu kuitoa kwa wanyama wenye kiu. Na kimesema ya kwamba kila mtu hutumia milki yake kwa mujibu wa ada, na akipindukia mpaka hudhamini. Basi ada ya kisima katika zama za Imam Nawawi ilikuwa nini? Kamba, ndoo, na mnyama wa kuvuta. Mtu hakuweza, hata akitaka, kuyashusha maji ya mtaa mzima kabla ya Sala ya Adhuhuri. Leo aweza kwa kubonyeza kitufe kimoja. Imam Malik naye, kama ilivyopokewa katika Mudawwana, amemzuia mtu kuchimba katika nyumba yake kisima kitakachokidhuru kisima cha jirani. Na juu ya yote iko kanuni ambayo madhehebu zote zimeikubali, kwamba haifai kudhuru wala kulipa dhara kwa dhara.

Tena ndugu zangu, kupima maji si jambo lililobuniwa na maofisa wa serikali. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Mtume (S.A.W.) alihukumu katika mabonde ya Mahzur na Mudhaynib ya Madina, kwamba wa juu ayazuie maji mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha ayaachilie yamfikie wa chini. Basi Madina ilikuwa na mita yake, nayo ni kifundo cha mguu, kitu ambacho kila mtu anacho na hapana awezaye kukiongopa. Na zamu ya maji ni ya zamani kuliko hiyo, kwani kaumu ya Nabii Saleh waliamrishwa wagawane maji na ngamia wa Mwenyezi Mungu, siku yake na siku yao. Waliona zamu ni nzito, wakamchinja ngamia. Mwisho wao mwaujua.

Wale miongoni mwetu walio na jamaa zao Oman wameziona au wamezisikia falaji, mifereji ya kale inayoleta maji ya chini ya ardhi mpaka mashambani bila ya pampu. Tano katika hizo zimeingizwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Maji yake hugawanywa kwa muda. Kila mwenye haki ana sehemu yake, sehemu moja ni kama nusu saa hivi, na zamani waliipima kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Iko kamati ya wenyewe, yuko wakili wa falaji, na yuko mjuzi wa nyakati. Falaji hutoa kile tu ambacho ardhi imekileta, na kwa hivyo watu walilima kwa karne nyingi. Lakini katika nchi ile ile, katika pwani ya Batina, walipokuja watu na pampu, kila mmoja na kisima chake na hapana kikao, maji matamu yalivutwa kupita kiasi, na maji ya bahari yakaingia chini ya mashamba, mitende ikafa kwa chumvi. Nchi ni moja, watu ni wamoja, dini ni moja. Iliyotofautiana ni shura. Sisi hatuna bahari karibu, lakini kila tunapoteremka ndani zaidi hatuna amani na maji tutakayoyakuta. Sehemu nyingi za nchi yetu zilizo karibu na Bonde la Ufa maji ya visima vyake yana madini ya floraidi kupita miligramu moja na nusu kwa lita, kiasi ambacho Shirika la Afya la Ulimwengu limekiweka kuwa ndio mwisho, na athari yake twaiona katika meno ya watoto.

Ndugu msomaji, utauliza sasa: basi tufanye nini? Jawabu ni kwamba mlango upo, nasi ndio tusioingia. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2002 iliweka vyama vya watumiaji wa maji, na ile ya mwaka 2016 ikavithibitisha, kuwa ni vikao vya wananchi wenyewe vya kushirikiana katika kuyahifadhi maji na kusuluhisha magomvi yake. Sheria hiyo yasema kwamba maji yote ni amana mikononi mwa serikali kwa niaba ya wananchi, na kwamba anayetaka kuchimba kisima apate idhini kwanza, na anayevuta kwa kilimo awe na kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Neno hilo "amana" sisi tulikuwa nalo kabla yao.

Lakini ni nani anayehudhuria vikao hivi? Mashamba makubwa hupeleka makarani wao na wahandisi wao, na hapana lawama katika hilo. Lawama ni juu ya mwenye ekari moja asiyekwenda, kisha hukumu ikapita, kisha akalalamika sokoni. Na hapa ni lazima niseme kweli juu ya nafsi yangu. Mimi mwenyewe nililetewa barua ya kuitwa katika kikao kama hicho. Niliiweka katika kurasa za kitabu, nikasema haya ni mambo ya serikali na ya watu wasiokuwa wa dini yetu, nami nina darsa. Katika kikao hicho paliulizwa: ni kisima gani kimekauka, na cha nani? Hapakuwa na mtu wa kutaja kile kisima kifupi cha mama mmoja mjane anayekaa nyuma ya msikiti wetu, aliyekuwa akikitumia kumwagilia mboga zake za kuuza. Mimi nilikuwa nakijua. Nilikuwa najua pia kwamba asubuhi binti zake huenda na mitungi barabarani. Nilikuwa darsani nikifasiri kisa cha Nabii Musa katika maji ya Madiani, alipowakuta wanawake wawili wamesimama mbali na wanyama wao, hawawezi kunywesha mpaka wachungaji wenye nguvu waondoke. Nilikifasiri vizuri, na nyuma ya ukuta wangu kilikuwa kikitendeka.

Sisemi kwamba kisima cha mama yule kimekaushwa na shamba la yule ndugu yetu. Sijui, na yeye hajui, na mwenye kumtuhumu mwenziwe bila ya ushahidi amepata dhambi. Lakini kwa nini hatujui? Kwa sababu hapana anayepima. Pasipo kipimo hatuwezi kumpa haki mwenye kudhulumiwa, wala hatuwezi kumtakasa asiye na kosa. Kipimo ni shahidi, na kuuficha ushahidi ni haramu.

Wako wanaosema, vipi tukae kikao kimoja na wasiokuwa Waislamu? Naye Mtume (S.A.W.) kabla ya kupewa utume alihudhuria katika nyumba ya Abdalla bin Jud'an mapatano ya Makureshi ya kumsaidia kila mwenye kudhulumiwa, na baada ya utume akasema kwamba lau angeitwa kwa mapatano kama yale katika Uislamu angeitika. Na wako wanaosema, vyama hivi huliwa na wakubwa. Huenda ikawa hivyo mahali. Lakini fedha huliwa mahali ambapo wema wamejitenga. Nenda, uulize hesabu isomwe mbele ya watu, na aulize mwingine pamoja nawe. Kazi hii ni faradhi ya kutosheleza: wakiifanya baadhi yetu inawatosha wote, na tukiiacha sote, sote tuna dhambi.

Basi haya ndiyo ninayoyaona kuwa wajibu wa Mwislamu mwenye kisima cha kilimo katika nchi hii. La kwanza, asichimbe wala asizidishe kina bila ya idhini na bila ya kuwajulisha majirani zake, na aseme kweli katika karatasi zake. La pili, atie mita katika bomba lake, na kila mwezi apime kina cha maji katika kisima, aandike katika daftari, na daftari hilo alipeleke kikaoni. La tatu, wakati wa ukame akubali zamu na kupunguziwa, na utaratibu wa sharia ni maarufu: watu kwanza, kisha wanyama, kisha mimea. Nyanya zetu hazitangulii mbele ya koo ya mtoto wala ya ndama. La nne, ayarudishe maji ardhini na ayapunguze kutoka. Afunge makorongo kwa mawe ili mvua ipate kuzama, wala asiuze mchanga wa mto kwa malori ya Nairobi, kwani mchanga ule ndio sifongo linaloyashika maji. Atandaze nyasi chini ya mimea yake, amwagilie jioni kwa mipira ya matone, na akinge mvua ya paa. Hesabu ni nyepesi: kivungulio cha mita 8 kwa 30 kina mita za mraba 240, na mvua ya milimita 500 kwa mwaka, ambayo si nyingi, hudondosha juu yake lita 120,000. Wengi wetu twaziacha lita hizo zimomonyoe njia, kisha twawasha pampu.

Wazee wa Kimaasai walikuwa na visima vya mchangani katika mito mikavu, na kila kisima kilikuwa na wenyewe na zamu yake, na mtu hakupeleka ng'ombe wake maadamu zamu si yake. Hawakuwa na mita wala sheria ya kuandikwa. Walikuwa na haya. Basi tusije sisi wenye Kitabu tukawa ndio tulioileta tabia ya kila mtu na tundu lake.

Sasa nimjibu ndugu yangu. Uislamu haukukataza kumnywesha mwenye kiu, bali hiyo ni katika sadaka zilizo bora. Lakini mtazame Sayyidna Uthman (r.a.). Kilipokuwa kisima cha Ruma kinauzwa maji yake kwa watu wa Madina, Mtume aliwahimiza masahaba zake wakinunue, na mnunuzi ndoo yake iwe moja katika ndoo za Waislamu. Uthman hakuchimba kisima cha pili pembeni yake. Alikifungua kile kilichokuwapo, kisha akasimama katika safu kama wengine. Hiyo ndiyo sadaka: si kuongeza tundu, bali kuongeza ndoo zinazopata haki yake.

Kwa hivyo fedha zako, ndugu yangu, mimi sizirudishi. Tia mita katika kisima chako, na mfungulie bomba yule mama na kila mpita njia, kwani katika Sahihi ya Bukhari imekuja kwamba mtu aliyezuia ziada ya maji Mwenyezi Mungu atamzuilia fadhila Yake siku ya Kiyama, kama alivyozuia kitu ambacho mikono yake haikukifanya. Jenga tangi kubwa la kukinga mvua ya paa la msikiti. Funga makorongo yaliyo juu ya mtaa wetu. Hayo yote ni sadaka zenye kuendelea, na thawabu zake zitamfikia mama yako Inshallah, wala hapana jirani atakayelala na kiu kwa sababu yake. Na ikiwa baada ya kupima, na baada ya watu wote kukaa na kushauriana, itaonekana kwamba kisima cha msikiti chahitajiwa na maji yapo, basi nitakuwa wa kwanza kupiga takbiri, na safari hiyo nitakuwa nimejua ninachokipigia.

Kikao kijacho kikiitishwa, mimi nitakwenda, na darsa ya siku hiyo itakuwa huko huko. Mzee wetu jirani nimemwomba tufuatane. Alinijibu kwamba yeye huhudhuria tangu zamani, na kwamba kiti changu kilikuwa kitupu.

Ewe Mola wetu, tunyweshe mvua yenye manufaa isiyokuwa na dhara. Utujaalie kuwa wenye kushukuru kwa vitendo, si kwa ndimi peke yake. Usiyazamishe maji yetu kwa dhambi zetu, wala usitufanye sisi kuwa sababu ya kiu ya jirani zetu. Uwarehemu wazee wetu waliotangulia, na uwafanyie wepesi wanaotafuta riziki ya halali kutoka katika ardhi Yako. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, na Kwake tutarejea sote.